Sauti Yako Darini

Nyumba ya Mwalimu,
Mtaa wa Pili, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Nakusalimu kwanza, wewe na mkeo, na yule mjukuu wangu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Baridi ya huko imepungua? Na kile kifua chako cha tangu utotoni kimetulia, au bado unakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka? Sisi huku tunaamka. Goti langu la kulia limeamua kustaafu kabla ya la kushoto, kwa hiyo natembea upandeupande, na mke wangu anasema nafanana na meza iliyopoteza mguu. Zaidi ya hapo sina la kulalamika kuhusu mwili wangu.

Mama yako yuko hai. Naliandika hilo mapema ili mengine uyasome ukiwa umeketi.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Kila tukianza, mtandao unakatika, au wewe unaitwa kazini, au mimi nakosa pa kuanzia. Mara zote umeniuliza swali moja, na mara zote nimekujibu kwamba tutaongea. Swali lako ni hili: mfumo ulimwambia ajifungie chumbani, sasa kwa nini alitoka? Leo nakujibu. Chiriku, yule binti anayekaa na mama yako, atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu, na karatasi zenyewe zitafuata kwa posta. Nivumilie tu. Unanijua, nimefundisha fizikia maisha yangu yote, siwezi kumwonyesha mtu bomba linalovuja bila kuanzia kwenye tangi.

Nyumba ile unaijua, lakini uliondoka ukiwa kijana, na vijana hawatazami juu. Marehemu baba yako alipoijenga, wenzake walikuwa wakiweka nakshi kwenye mageti ili wapita njia wazione. Yeye alitoboa dari na kupachika spika kila mahali: sebuleni, jikoni, koridoni na katika vyumba vyote viwili vya kulala. Waya zake zinapita juu ya mbao za dari, zinashuka ndani ya ukuta, na zote zinaishia nyuma ya amplifaya iliyo ndani ya kabati la sebuleni. Alitaka asikose neno la taarifa ya habari hata akiwa ananyoa ndevu. Alipofariki, mama yako hakuiwasha tena ile amplifaya. Alikuwa akisema dari imenuna.

Kisha macho yake yakaondoka. Hilo nalo hukulishuhudia, kwa hiyo nikueleze. Presha ya macho haimpofushi mtu kwa siku moja. Inaanza kula pembeni na kuelekea katikati, na mgonjwa anadhani taa za nyumba zimekuwa hafifu. Sasa mama yako anajua dirisha liko wapi kwa sababu ya mwanga, na anajua mtu amesimama mbele yake kwa sababu ya giza. Sura haoni.

Nyumba za jirani zilipoanza kuvunjwa na wezi, ukatuma ule mfumo wa ulinzi. Lilikuwa jambo jema. Nilisema hivyo siku ile, na leo bado nasema hivyo. Kisanduku kikafungwa koridoni, sumaku zikawekwa kwenye milango, na lile jicho linalohisi mtu akipita likapachikwa kwenye kona ya jikoni. Tatizo ni kwamba kisanduku kile kinaongea kwa vitaa na tarakimu. Kumwonyesha mama yako kitaa chekundu ni sawa na kumkonyeza mtu aliye nyuma ya ukuta. Ndipo wewe ukapata wazo la kukiunganisha na spika za darini, ili nyumba yenyewe imwambie mlango upi umefunguliwa. Niliposikia hivyo nikamwambia mke wangu kwamba baba yako hajafa kabisa.

Fundi tuliyempata ni kijana mchangamfu, mwepesi wa kupanda ngazi na mwepesi zaidi wa kuahidi. Nilimkuta amepanda darini, ametoa zile nyaya mbili za kisanduku zilizokusudiwa king'ora, na anazifunga moja kwa moja kwenye spika ya chumbani kwa mama yako.

“Fundi,” nikamwambia, “hizo ni za king'ora.”

“Mwalimu, waya ni waya.”

“Waya ni waya, lakini umeme wake si mmoja. King'ora kinataka umeme ulionyooka, kama wa betri. Spika inataka umeme unaotikisika, maana ule mtikisiko ndio sauti.”

“Acha tujaribu, Mwalimu. Majaribio si ndiyo fizikia?”

Akajaribu. Spika ikatoa mlio mmoja kama mtu aliyekanyagwa kidole, kisha kimya, kisha harufu ya koili iliyoungua. Chiriku, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, akafungua madirisha na kumwambia fundi kwamba kama hayo ndiyo majaribio, yeye hataki kuona mtihani. Tulicheka sana. Nakuandikia kichekesho hiki kwa sababu kimo ndani ya jibu lako, na utaona kinaingia wapi.

Baadaye fundi alifanya inavyotakiwa. Kutoka kwenye kisanduku alipeleka sauti peke yake hadi kwenye tundu la kuingizia la amplifaya, ile amplifaya ndiyo ikazisukuma spika, na akaongeza betri ili umeme ukikatika nyumba isiwe bubu. Spika zote zikafanya kazi isipokuwa ile ya chumbani. Aliahidi kuibadilisha wiki iliyofuata. Akaja na spika pana kuliko tundu, akaondoka nayo kutafuta nyingine, na wiki iliyofuata ikawa inafuata kila wiki. Ile iliyoungua ikaachwa palepale darini ili tundu lisibaki wazi. Nilimkumbusha mara nyingi. Mama yako mwenyewe ndiye aliyenituliza: “Kaka, mwache kijana wa watu. Nikiacha mlango wangu wazi kidogo, sauti ya sebuleni naisikia vizuri.”

Kwa hiyo mlango wa chumba chake ulikuwa haufungwi, mchana wala usiku.

Sasa nije kwenye sauti. Ile ambayo kisanduku kilitoka nayo kiwandani ilikuwa ya mwanamke wa ugenini, kali, anayemaliza kila sentensi kama anayefunga droo. Mama yako aliivumilia siku chache. Kisha akaniuliza, “Huyu mama wa darini nimemkosea nini? Kila nikiingia jikoni ananifokea.” Ukasema tatizo ni dogo, ukarekodi maneno kwa sauti yako, ukayatuma, na fundi akayaingiza. Nadhani umekwisha kuyasahau, maana ulikuwa ukiwahi kazini. Sisi tunayajua kwa moyo. “Mama, mlango wa mbele umefunguliwa.” “Mama, mlango wa nyuma umefunguliwa.” “Mama, ulinzi umewashwa, pumzika salama.” Na lile la hatari: “Mama, kuna mtu ameingia. Jifungie chumbani, usitoke.”

Uliyasema yote kwa upole uleule, hata lile la mwisho. Nilikuelewa: hukutaka kumtisha. Yeyote mwenye mama angefanya hivyo.

Siku ya kwanza ulipoongea darini, mama yako alikuwa na bakuli mkononi. Alisimama, akaliweka chini taratibu, akainua uso. Unajua wasioona wanavyoinua uso, kama wanaonusa mvua. Akasema, “Haya mwanangu, nimesikia.” Tangu siku hiyo hakuacha kukujibu. Asubuhi akifungua mlango wa nyuma, wewe unamwambia umefunguliwa, naye anasema, “Najua, nimeufungua mwenyewe. Umeamkaje?” Jioni ukimwambia apumzike salama, anakuambia na wewe uvae soksi.

Chiriku alikuwa akimchokoza. “Bibi, hiyo ni mashine, haisikii.”

“Na wewe unasikia,” mama yako akamjibu, “mbona hunijibu nikikuita?”

Usidhani alikuwa amechanganyikiwa. Akili yake iko sawasawa, pengine kuliko yangu, maana mimi nasahau nilipoweka miwani nikiwa nimeivaa. Alijua ni sauti iliyohifadhiwa. Lakini aliupenda mlango wa nyuma kuliko zamani. Chiriku ananiambia kuna siku alikuwa akiufungua na kuufunga, akiufungua na kuufunga, kama mtu anayejaribu kitasa kipya. Akiulizwa anasema anaingiza hewa.

Nami nilimwona hivyo siku moja, nikacheka, nikaenda zangu.

Jumatano ile, baada ya chakula cha mchana, Chiriku alikwenda duka la dawa kuchukua matone ya macho. Mama yako aliwasha ulinzi kama alivyofundishwa, akasikia ukimwambia apumzike salama, akakuitikia, akaenda kujilaza. Waliovunja walikuwa wawili. Walitumia mtaimbo kwenye mlango wa nyuma, na mbao za pale zimepasuka kuanzia kitasa hadi bawaba ya chini.

Mfumo wako ulifanya kazi. Nataka usome sentensi hii mara mbili. Sumaku ilihisi, kisanduku kikapokea, amplifaya ikasukuma, na sauti yako ikatoka jikoni, koridoni na sebuleni, wazi kabisa, bila kukwaruza. Na wale vijana waliogopa. Mama yako aliwasikia. Mmoja alisema, “Kuna mwanaume humu, twende.” Walikuwa wamefika sebuleni, wakageuka kurudi walikoingilia. Uliniuliza wameiba nini. Hawakuiba kitu. Hata ile saa ya baba yako juu ya kabati, ambayo kila mtu huitazama kwanza, ipo.

Walikuwa wanaondoka, mpwa wangu. Laiti angebaki kitandani, wangepita kwenye mlango ule uliopasuka, nasi leo tungekuwa tunakusifu.

Alitoka. Alichukua fimbo yake iliyokuwa imeegemezwa kitandani, akaishika juu badala ya chini, akaingia koridoni huku akipiga kelele. Mshonaji wa ng'ambo ya barabara, yule mnene anayeshona sare za shule, alimsikia kutoka kibarazani kwake. Anasema maneno yalikuwa haya: “Mwacheni mwanangu. Mwacheni mtoto.”

Korido ile unaijua upana wake. Wale wawili walikuwa wakikimbia kutoka, yeye akiingia. Sidhani walikusudia. Walimkumba, akaangukia upande wa kushoto, kwenye pembe ya kisanduku cha viatu.

Mshonaji alifika na mkasi wake mkononi. Alimkuta mama yako sakafuni, na juu yake sauti ya mwanaume ikirudia kwa upole kwamba kuna mtu ameingia, ajifungie chumbani, asitoke. Mfumo umepangwa urudie mpaka uzimwe. Mshonaji hakujua kuuzima. Na kwa kuwa alikuwa amesikia habari ya mtoto, akaanza kumtafuta mtoto. Alitazama chini ya vitanda, nyuma ya mapazia, ndani ya kabati la nguo, hata ndani ya pipa la maji. Akarudi kwa mama yako, akapiga magoti.

“Mama, mtoto yuko wapi?”

“Yuko sebuleni,” akasema. “Msikilize.”

Mimi nilipofika, mshonaji alikuwa amekaa sakafuni, amempakata kichwa, na anatokwa na jasho kama aliyebeba jiwe. Nikazima kisanduku. Ndipo mama yako alipoanza kulia. Kabla ya hapo, anasema mshonaji, hakuwa ametoa hata chozi.

Nilimwuliza baadaye, hospitalini, maumivu yalipotulizwa kidogo. Nilimwuliza kama ulivyoniuliza wewe.

“Sauti ilitoka sebuleni,” akaniambia. “Na wao niliwasikia sebuleni. Sasa kaka, wewe ungejifungia?”

“Lakini ulijua ni spika.”

“Nilijua. Nimeinuka najua, nimeshika fimbo najua, mpaka nafika mlangoni najua. Miguu ndiyo haikujua.”

Hilo ndilo jibu lako. Kama ile spika ya chumbani ingekuwa nzima, ungemwambia ajifungie ukiwa hapohapo juu ya kitanda chake, na labda angekutii, maana ungekuwa naye. Lakini pale chumbani palikuwa kimya, na mtoto wake alikuwa ng'ambo ya ukuta, katika chumba chenye watu wabaya, akimwambia mama yake ajiokoe. Hakuna sauti nyingine duniani ambayo ingemtoa kitandani. Yule mama wa ugenini angefoka mpaka betri iishe, na dada yangu angevuta shuka hadi kidevuni.

Aliniomba nisikuambie haya. Alinishika mkono akasema, “Mwambie nilikuwa nakwenda msalani.” Nimemsikiliza dada yangu katika mambo mengi, lakini hili nimelikataa, na nitamwambia nimelikataa. Nimekuandikia kwa sababu moja. Tangu siku ile unatafuta kasoro kwenye vifaa. Umesema utatuma kamera nne. Umesema utalipia mlango wa chuma. Mtu akiamini kilichokosekana ni kifaa, atanunua kingine, na hata akikinunua kwa mapenzi, bado atakuwa amekaa dukani. Sisemi ulikosea. Maneno yako yalikuwa sahihi na sauti yako ilikuwa safi. Nasema tu kwamba alichokifuata koridoni hakiuzwi.

Sasa habari za hospitali. Amelazwa wodi ya mifupa ya wanawake, kitanda cha dirishani, jambo analolipenda kwa sababu ya mwanga. Nyonga imevunjika juu kabisa, kwenye shingo ya mfupa wa paja. Daktari wake ni mwanamke kijana, mpole, ana tabia ya kuchora anapoeleza, na mimi mtu anayechora anapoeleza namwamini. Alinichorea. Katika umri wa mama yako, alisema, mfupa hauui, kinachoua ni kulala. Mtu asiyeinuka, mapafu yake hujaa maji, mgongo huota vidonda, damu huganda miguuni. Ukimpasua na kumwekea kiungo cha chuma kuna hatari, maana moyo wake umechoka. Usipompasua, hatari ni kubwa zaidi, ila inakuja kwa hatua ndogondogo.

Daktari yuko tayari kumpasua. Mama yako amekataa. Hakupiga kelele, alisema tu, “Mwanangu akija nitakubali.” Daktari akamweleza kwamba mifupa haingojei ndege. Akajibu, “Mimi nangoja.” Nimembembeleza, mke wangu amembembeleza, Chiriku amelia mpaka wagonjwa wengine wakamtuliza. Msimamo wake ni uleule. Anataka mkono wako uwepo atakapoingizwa kule ndani, na kama hatatoka, anataka uwe ndio mkono wa mwisho alioushika. Hayo ni maneno yake, sikuyaremba.

Tangu juzi amekuwa akikohoa. Daktari aliweka kile kipimo chake mgongoni, akasikiliza muda mrefu, akanitazama. Nimeishi na watu waliosoma, najua maana ya kutazamwa hivyo.

Uliniambia ruhusa ya kazini itapatikana mwisho wa mwezi ujao, na makaratasi yako bado ni kiporo. Sifahamu mambo ya huko, na sitajifanya nayafahamu. Ninachofahamu ni mwendo wa maji kwenye pafu. Siwezi kukuahidi kwamba ukipanda ndege kesho utamkuta ana nguvu za kupasuliwa. Siwezi hata kukuahidi kwamba utamkuta. Naweza kukuambia tu kwamba kila pazia la wodi likisogea anainua uso.

Jana nilikwenda nyumbani kwake kumchukulia shuka na nguo za kubadili. Chiriku hataki kurudi pale, anakaa kwetu, na mdomo wake umepata mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba. Mlango wa nyuma tumeugongomea mbao. Mfumo fundi ameuwasha tena, na ile spika ya chumbani ameibadilisha siku ya pili tu baada ya ajali, akiwa ameinamisha kichwa muda wote. Nikaingia kwa mlango wa mbele, na ukasema kutoka kila chumba, pamoja na kile chake, “Mama, mlango wa mbele umefunguliwa.” Nikasimama sebuleni na funguo mkononi. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza ikisubiri mtu aseme kitu, na mimi nikaenda kabatini kutoa shuka.

Niliporudi hospitalini nikampa shuka. Akainusa, akajua ni ya kabati lipi. Akaniuliza kama nyumba iko salama. Nikamwambia iko salama.

“Na mwanangu bado anasema?”

“Bado anasema.”

Kisha akaniuliza, “Sasa nani anamjibu?”

Nimeirudisha barua hii mezani mara kadhaa nikitafuta namna ya kumjibu swali hilo, na sijaipata. Nakuachia wewe.

Mke wangu anakusalimu, anasema hana hasira nawe, na amekutandikia kile chumba cha mbele. Mshonaji anakusalimu. Hukuwahi kuonana naye ana kwa ana, lakini anasema sauti yako ataitambua popote. Chiriku anakusalimu na kuomba radhi kwamba alikwenda dukani, nami nimemwambia hana la kuombea radhi. Nisalimie mkeo, na umbusu mjukuu wangu kwenye kipaji cha uso kwa niaba ya bibi yake.

Mungu alegeze moyo wa mkubwa wako wa kazi, akupe kiti kwenye ndege ya karibu, na atushikie mama yako pumzi mpaka ufike. Na siku dari itakaposema tena kwamba mlango wa mbele umefunguliwa, ajaalie iwe ni wewe uliyeufungua.

Mimi mjomba wako, nikupendaye tangu hujajua kutembea,

Mwalimu